Yusta Kihiyo na Kitanda Ambacho Hakukilalia

Ndugu waombolezaji, Yusta Elisante Kihiyo, ambaye tumekuja kumsindikiza leo Jumatano tarehe 12 Februari 2025 hapa Kwembago, aliacha maagizo matatu kuhusu wasifu wake. La kwanza, usomwe kwa Kiswahili, si kwa Kishambaa, ili wageni wa kutoka Tanga wasikae wakitazamana. La pili, usiseme kwamba alikuwa mpole, kwa sababu hakuwa. La tatu, mambo ya kazi yake yaandikwe kama yalivyokuwa, pamoja na mishahara, hata kama kuna mtu ataona aibu. Mtu mwenyewe ni mdogo wake Eliudi, ambaye ndiye aliyeuandika na ndiye anayeusoma. Aibu ameshaiona, na anaendelea kusoma.

Yusta alizaliwa Vuga siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Elisante Kihiyo na marehemu Mama Rahabu. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka mwaka huo huo, tarehe 10 Aprili, katika mvua ambayo baba yake aliisimulia mpaka uzeeni, maana alimbeba ndani ya koti lake na koti likasinyaa. Alipokuwa na miaka minane bibi yake aliteleza kwenye tope akitoka kuchuma maharage, akavunjika nyonga, na hakusimama tena. Watu wazima walikuwa shambani, kwa hiyo Yusta ndiye aliyekabidhiwa bibi. Siku ya kwanza alimkamata mabegani ili amgeuze, na bibi akamfokea kwa Kishambaa kwamba yeye si gunia la viazi, asalimiwe kwanza ndipo aguswe. Yusta akaamkia, akaomba ruhusa, akamgeuza. Tangu siku ile hakuwahi kumgusa mgonjwa bila kumsalimia, awe anasikia au hasikii.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja. Zamu za shule ziligawanywa hivi: wasichana walifagia madarasa na wavulana walipiga kengele, na mwisho wa mwezi wote walipewa alama sawa za usafi. Yusta, akiwa darasa la tano, alisimama mstarini akauliza kwa nini kazi ya saa nzima na kazi ya dakika moja zinapata alama sawa. Alichapwa viboko viwili, lakini muhula uliofuata naye aliwekwa kwenye zamu ya kengele. Alisema aliipenda kazi ile, ila aliona ni wizi. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, kwani mwaka ule kijiji kizima alichaguliwa mmoja tu. Alikaa nyumbani akilima na mama yake hadi mwaka 1984, alipopata nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja ya wahudumu wa wodi katika hospitali moja ya wilayani kwetu.

Huko wodini ndiko alikokutana na mume wake, marehemu Anord Shemdoe wa hapa Kwembago, aliyekuwa akifanya kazi ya kukata magogo Shume. Gogo lilimwangukia mguuni mwezi Mei 1988. Yusta alifika na beseni lake, akasema, "Shikamoo kaka, naomba nikuoshe." Anord alikuwa kijana mwenye misuli na haya nyingi. Alijibu kwamba ataoga mwenyewe, ahsante. Alijaribu, akaanguka na beseni, na maji yakafika mpaka kitanda cha sita. Wauguzi walicheka, Yusta hakucheka. Alimwinua, akafuta sakafu, akaleta beseni jingine, akasema tena, "Shikamoo kaka, naomba nikuoshe." Anord alikuwa akisema kwamba pale ndipo alipojua ameshindwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Oktoba 1989, wakajaliwa watoto wawili, Shukrani na Tobia. Anord alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 3 Juni 2009. Yusta alimuuguza mwenyewe kwa wiki tano, na aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa miezi mingi baada ya hapo kwa sababu ile ndiyo iliyokuwa saa ya kumgeuza.

Sasa tuje kwenye kazi, ambako alitaka tukae kidogo.

Kazi ya Yusta ilikuwa moja kwa miaka thelathini na saba. Alimwogesha mtu asiyeweza kujiogesha. Alimlisha, alimgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usipate vidonda, alimsafisha alipojichafua, alimkata kucha, alimkalisha juani, na aliyapima maji kwa kiwiko kwanza. Alizungumza naye hata kama hakujibiwa. Mikono ilikuwa ile ile na beseni lilikuwa la aina ile ile. Kilichobadilika ni jengo, na jengo lilipobadilika, mshahara nao ulibadilika. Jambo hili lilimsumbua kuliko mgongo wake, na mgongo wake ulimsumbua sana.

Kuanzia Januari 1985 hadi Desemba 2007 alifanya kazi wodini. Aliitwa mhudumu. Alikuwa na sare, likizo, na michango ya NSSF, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi laki moja na elfu ishirini kwa mwezi. Nafasi za wahudumu zilipopunguzwa, jina lake lilikuwemo. Hakuwa na kinyongo, alisema walifuata utaratibu na walimpa cheti. Mwezi Machi 2008 akaajiriwa katika makao ya wazee yaliyokuwa yakiendeshwa na wafadhili, ambayo sasa hayapo. Huko aliitwa mlezi. Wazee walikuwa kumi na wanane, walezi wawili, na mshahara ulikuwa elfu themanini pamoja na chakula cha mchana. Aliambiwa kwamba makao si hospitali, ni huduma ya upendo. Yusta alijibu kwamba upendo anao, ila na ada ya shule ya watoto pia anayo. Alikaa huko miaka saba na miezi tisa, mpaka wafadhili walipoondoka.

Tarehe 4 Januari 2016 aliingia katika nyumba ya Mzee Khalfani, hapa Lushoto mjini. Mzee Khalfani alikuwa afisa mstaafu, mtu wa Tanga aliyehamia huku kikazi akapenda baridi yetu. Alikuwa amepata kiharusi. Upande mzima wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamempotea karibu yote. Mke wake, Bi Mwajuma, alikuwa na miaka sabini na magoti mabovu. Binti yao, Yusra, alifanya kazi benki Dar es Salaam, na ndiye aliyekuja kumwajiri Yusta na kuandika mkataba.

Siku hiyo Bi Mwajuma alimshika Yusta mkono, akampeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha chumba. Kulikuwa na kitanda kipya cha mninga, godoro nene, mashuka ya maua, na blanketi zito kwa ajili ya baridi ya Julai. "Hiki chako," akasema. "Nimekichagua mwenyewe sokoni."

Yusta alijua kwamba hatalala pale hata usiku mmoja. Mama yake, Mama Rahabu, alikuwa ameshahamia kwake Kwembago, haoni vizuri tena wala hajiwezi, na usiku hakuna mwingine wa kumpa uji. Lakini sisi huku tumelelewa hivi: mkubwa wako akikuonyesha pa kulala, husemi hulali. Unasema ahsante. Ukikataa kitanda, umemwambia mwenyeji kwamba nyumba yake haikufai. Yusta, ambaye hakuwahi kumwogopa mwalimu wala daktari, alishindwa na adabu. Akasema, "Ahsante sana Mama, Mungu akubariki." Yusra alikuwa amesimama mlangoni na kalamu. Akaandika kwenye mkataba kwamba mfanyakazi wa nyumbani atapewa chumba, kitanda na chakula, na atalipwa shilingi elfu sitini kwa mwezi. Yusta akasaini.

Elfu sitini. Nusu ya alichoacha wodini miaka minane nyuma, wakati mkate ulikuwa bei nyingine. Alidhani ndivyo majumbani wanavyolipa, basi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliteremka kilima, kila siku saa kumi na mbili jioni, msaidizi wa jikoni aliyelala pale alipopokea zamu, alipanda. Nyumbani alimwosha mama yake, akamlisha, akamgeuza. Mahali hapo pa nne pa kazi hapakuwa na mshahara wowote, na kwa hilo hakuwahi kulalamika. Kile kitanda cha mninga kikabaki kimetandikwa. Kila Ijumaa Yusta aliyavua mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu, akayafua, akayaanika, akayatandika tena, ili Bi Mwajuma asijisikie vibaya. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu.

Mzee Khalfani naye alimzoea. Kila asubuhi Yusta alisimama pembeni ya kitanda chake, akasema, "Shikamoo Baba, naomba nikuoshe," kisha akangoja. Watu wa nyumbani walimwambia asijisumbue, mzee haelewi. Aliendelea kungoja. Mwezi wa nne, asubuhi ya baridi kali, mzee alifungua mdomo ukaenda upande, akasema, "Maaba." Bi Mwajuma alikuwa ameshika chupa ya chai, na chupa ile haikupona. Kutoka siku ile mzee aliitikia kila siku, na alipotaka kugeuzwa alipiga ubao wa kitanda mara tatu kwa mkono wa kushoto.

Mwezi Februari 2019 bwana mmoja wa chama cha wafanyakazi alikuja Lushoto kuzungumza na wafanyakazi wa majumbani. Yusta alikwenda kwa sababu kulikuwa na soda. Mwishoni aliinua mkono, akaeleza kazi anazofanya kuanzia asubuhi hadi jioni. Yule bwana alimsikiliza, akamuuliza, "Mama, unalala wapi?"

"Nalala kwangu, Kwembago."

"Mkataba wako unasemaje?"

Mkataba ulikuwa ndani ya jalada la Biblia yake. Bwana yule aliusoma mara mbili. "Hapa wewe ni mfanyakazi wa nyumbani unayelala kwa mwajiri. Kitanda na chakula vimehesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Ndiyo maana fedha ni kidogo. Wenzako wanaorudi makwao hapa mjini wanapata laki na kitu."

"Lakini sijakilalia hata siku moja."

"Mkataba haujui hilo, mama. Na nikuambie jingine. Kazi hii hii ukiifanya wodini unaitwa mhudumu. Ukiifanya kwenye makao unaitwa mlezi. Ukiifanya sebuleni kwa mtu unaitwa dada wa kazi. Watu wanalipa jina."

Jioni ile alipitia kwa Eliudi kabla hajapanda kwake. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kitenge chake kimelowa ukungu, akasema, "Eliudi, nitajie hoteli hapa Lushoto ambayo unailipa elfu sitini kila mwezi na hulali." Eliudi alicheka. Yusta alimtazama mpaka kicheko kikaisha. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na uchungu. Alisema angejua kwamba ahsante yake ingemgharimu kiasi kile, angemwambia Bi Mwajuma ukweli tangu siku ya kwanza na kumwomba msamaha.

Wiki nzima alitafuta namna ya kulisema. Hofu yake haikuwa kufukuzwa tu. Alihofia kwamba akiondoka, mzee atapewa mtu asiyemsalimia. Mwishowe, siku Yusra alipokuja likizo, Yusta alimaliza kazi ya asubuhi, akanawa, akawafuata mama na binti sebuleni.

"Mama," akamwambia Bi Mwajuma, "naomba nikurudishie kitanda chako."

Bi Mwajuma alishtuka. "Kina kunguni?"

"Hakina kunguni, Mama. Kinakula tu."

"Kinakula nini?"

"Mshahara wangu."

Akaeleza. Akaomba radhi kwamba alikipokea kwa kuona haya, akijua hatakilalia. Bi Mwajuma alisikiliza huku akishika magoti yake, kisha akamgeukia binti yake. "Kwa hiyo zawadi yangu mimi ndiyo uliyomkatia?"

Yusra si mtu mbaya, na yupo hapa leo, na ametupa ruhusa tuyasome haya. Alisema alichukua maneno ya mkataba wa jirani yao Dar es Salaam, wa binti anayepika na kufua. Hakufikiria. Kisha akasema, "Lakini Mama Shukrani, wewe hapa si mfanyakazi. Wewe ni wa familia."

"Ahsante mwanangu," Yusta akajibu. "Wewe ni wa familia kweli kweli. Unalipwa shilingi ngapi kumwosha baba?"

Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi, na yote alikuwa ameyasikia. Akapiga ubao wa kitanda mara tatu. Yusta akainuka kwenda kumgeuza, na mazungumzo ya siku ile yakaishia hapo.

Mkataba mpya uliandikwa tarehe 1 Machi 2019. Ulisema: mhudumu wa mgonjwa, mshahara laki moja na nusu, NSSF, na Jumapili mapumziko, na akiitwa Jumapili alipwe ya Jumapili. Neno kitanda halikuwemo. Wiki iliyofuata Bi Mwajuma alikodi pikapu, akakipandisha kile kitanda cha mninga mpaka Kwembago na mashuka yake yote. Alimtumia ujumbe kwamba sasa hiki ni zawadi, kimetoka kwenye nyumba, hakina karatasi. Mama Rahabu alikilalia hadi alipoaga dunia tarehe 22 Agosti 2021. Mzee Khalfani alifariki tarehe 17 Mei 2022, baada ya miaka sita na miezi minne mikononi mwa Yusta. Waliomwosha mzee kwa mazishi walitoka wakamwambia Bi Mwajuma kwamba mgongo wake ulikuwa mzima, hauna hata kidonda kimoja, na kwamba hawajawahi kuona hivyo kwa mtu aliyelala muda ule. Yusta alikuwa na vyeti viwili ukutani. Hiki cha tatu alikihesabu kuwa kikubwa kuliko vile viwili, na alikirudia kwa kila mtu aliyemtembelea, hata kwa wale walioshakisikia.

Baada ya hapo hakuajiriwa tena. Mgongo ulikataa. Alikuwa akiitwa nyumba hii na ile kuwafundisha mabinti namna ya kumgeuza mtu mzito bila kujiumiza, na kabla ya somo aliomba kuona mkataba wa binti. Kuna nyumba mbili zilizoacha kumwita kwa sababu hiyo. Alisema hawamkomoi, wanajikomoa. Katika mabinti hao alikuwemo Yunis Singano wa Rangwi, ambaye Yusta alimsifu kwa kusema kwamba ana mikono inayosikiliza. Hakuna mwingine tuliyemsikia akimsifu hivyo.

Mwezi Juni 2024 alianza kulalamika tumbo. Alipelekwa hospitali ya rufaa Moshi, na tarehe 9 Julai daktari alimweleza kwamba ni saratani ya ini, na kwamba imeshaenea. Yusta alimuuliza maswali ya kikazi: maumivu yataanzia wapi, miguu itavimba lini, ni wiki ngapi kabla hajashindwa kujigeuza. Aliyaandika majibu kwenye daftari, akarudi nyumbani, akapanga chumba. Kitanda cha mninga kilivutwa mpaka dirishani.

Mwezi Septemba alishindwa kujigeuza, kama daktari alivyosema. Watoto wapo mbali: Shukrani anafundisha Korogwe, Tobia anaendesha lori Tanga. Familia ilikaa kikao ikamkabidhi Eliudi jukumu la kutafuta mtu. Eliudi akaenda Rangwi kumchukua Yunis. Walikubaliana njiani, ndani ya gari. Eliudi alimwambia kwamba nyumba ni ya wacha Mungu, atapewa chumba kizuri, chakula atakula chetu, atakuwa kama mtoto wa nyumbani, na mkononi atapata elfu themanini. Yunis akasema, "Ahsante, Mjomba." Alisema kwa sababu huku ndivyo binti anavyomjibu mkubwa wake. Eliudi alifika Kwembago akijiona amefanya jambo la maana na la bei nafuu.

Yusta alikuwa amelala akitazama dirishani. Hakugeuka, maana hakuweza.

"Huyo analala wapi?"

"Hapa hapa, dada. Tumemwandalia chumba cha nyuma."

"Kwenye kitanda gani, Eliudi?"

Eliudi alikuwa amesimama ameshika kitasa cha mlango. Mtu anayesoma maneno haya alikuwa na miaka hamsini na sita siku ile, mzee wa kanisa, na alitamani sakafu impokee. Alikuwa ameicheka hadithi ya kile kitanda kwa miaka mitano. Alikuwa ameisimulia hata harusini. Na ilipofika zamu yake aliirudia neno kwa neno, mpaka kwenye ile ahsante.

Yusta hakumgombeza. Alisema, "Lete karatasi." Yunis alisita, akasema mwenyewe ameridhika, kwamba Mama Shukrani ni kama mama yake mzazi. Yusta alimwambia akae chini. "Mimi si mama yako. Mimi ni mgonjwa, na wewe ni mhudumu. Ukiwa mwanangu watakuonea, na mimi sitakuwa na nguvu ya kuwakataza." Akaanza kutamka, Eliudi akaandika: mhudumu wa mgonjwa, laki mbili kwa mwezi, apange chumba hapa jirani na arudi huko kila jioni, usiku ndugu washike zamu, Jumapili mapumziko, akiitwa Jumapili alipwe ya Jumapili. Fedha ilitoka kwenye akiba yake mwenyewe ya NSSF na michango ya watoto. Alisaini, akamrudishia Eliudi kalamu, akasema, "Haya, mwambie aje anisalimie."

Yunis alimhudumia kwa miezi mitano. Yusta alikuwa mgonjwa mbaya. Alimsahihisha beseni, taulo, hata jinsi ya kukamua kitambaa. Lakini kila alipogeuzwa alifumba macho, na uso wake ulipumzika. Shukrani aliuliza siku moja kama anaumia akigeuzwa. Alijibu kwamba ameigawa kazi hii maisha yake yote, na hakujua kwamba kuipokea ni kuzuri kiasi kile. Mgongo wake, tunasema hili kwa sababu yeye angetaka lisemwe, haukuwa na kidonda hata kimoja.

Jumapili tarehe 9 Februari 2025 Shukrani alikuwa njiani kutoka Korogwe, na Eliudi alikuwa na zamu kanisani. Alimpigia Yunis amsaidie kukaa na mgonjwa mpaka ibada iishe. Aliporudi, saa tano kasoro, Yunis alikuwa ameinama juu ya kitanda.

"Shikamoo Mama, naomba nikugeuze."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Leo si Jumapili?"

"Ni Jumapili, Mama."

"Basi Eliudi akulipe ya Jumapili."

Yunis alimgeuza taratibu kuelekea dirishani. Yusta hakuongea tena. Alifariki saa tano na dakika ishirini, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi kumi na siku ishirini na sita. Yunis alikataa ile fedha. Alilia, akasema Mjomba, siyo leo. Eliudi aliiweka kwenye bahasha akaandika jina lake juu, na Yunis akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa fedha ya kwanza kutolewa katika msiba huu, kabla ya mbao za jeneza.

Ameacha watoto wawili, Shukrani na Tobia, wajukuu watano, na mdogo wake Eliudi. Tulikuwa tumeandika pia, baada ya watoto, "na Yunis, aliyekuwa kama mwanawe." Yusta aliusoma wasifu huu mwezi Januari, isipokuwa sehemu ya kifo chake, ambayo ilikuwa bado haijaandikwa, akaomba kalamu, akaukata mstari huo. Alisema mtoto halipwi, atolewe pale. Kwa hiyo tumempa mstari wake peke yake, kama alivyoagiza: Marehemu alihudumiwa na Yunis Singano, mhudumu wa mgonjwa, mwenye mkataba, ambaye anatafuta kazi kuanzia leo, na mshahara wake ni laki mbili.

Dada Yusta, shikamoo. Tunaomba tukulaze. Bwana akupe pumziko pema, na safari hii ukilalie kitanda mpaka utosheke, maana hukatwi kitu.